Mawindo ya Mwisho ya Avigiaq

Simu kutoka Nuuk, mji mkuu ulio mbali kusini, ilimkuta Tukummeq ana unga mpaka kwenye viwiko, anakanda mikate ya ubatizo. Alijua ni Nuuk hata kabla hajatazama namba, maana watu wa kijiji chake cha Iterlak hawapigiani simu. Mtu akikutaka anafungua mlango na kuingia. Akaibana simu kati ya shavu na bega, mikono akaiacha kwenye beseni.

"Ni mimi, Ivalu," sauti ilisema. Ivalu alikuwa daktari wa wanyama, binti mpole ambaye hajawahi kukanyaga huku kaskazini, ila kila kiangazi alipokea visanduku vya Tukummeq na kila mara alishukuru. "Wale mbweha uliotutumia, wote wawili wana mafua ya ndege."

"Nilijua tu. Mbweha mzima hafi akiwa amekaa."

"Kuna jingine. Tulipowaona mbweha tukarudi kwenye friza, tukatoa sampuli zako za ndege za kiangazi kilichopita. Mara ya kwanza tulipima chache. Sasa tumezipima zote." Ivalu akasita. "Vijindege walikuwa nao ugonjwa. Si wengi, lakini walikuwa nao."

Tukummeq akaacha kukanda. "Wapi kwa wapi?"

"Wa mteremko wa chini. Zile ulizochukua kwa ndege wa mumeo."

Unga ulikuwa umeanza kumkauka vidoleni. Aliitazama mikono yake kana kwamba ni ya mtu mwingine.

"Na wale waliofukiwa ndani ya ngozi ya sili, Ivalu? Kiviaq?"

"Sijui. Hakuna aliyewahi kuipima. Uchachu unaweza kuua virusi, na baridi inaweza kuvitunza. Nikikwambia ni salama nitakuwa nakudanganya. Watu wasile, hasa watoto. Na atakayeigusa, hata kidogo, akae mbali na mtoto mchanga kwa siku kadhaa. Samahani sana, mama."

"Usijali. Nimezoea."

Uongo mtupu. Hakuwa amezoea hata kidogo, alikuwa amechoka. Alikata simu, akamaliza kukanda kwa sababu unga ukiachwa unaharibika, akaufunika kitambaa na kuuweka karibu na jiko.

Kijijini walimwita Mama Usile. Jina hilo alilipata mwaka alipoanza kazi ya kuwaangalia ndege wa bahari. Kila masika alikuwa wa kwanza kupanda kwenye mteremko wa mawe ambako wale ndege wadogo weusi wenye matumbo meupe huja kutaga, na wa mwisho kushuka. Alihesabu waliotua na waliototoa, akaokota waliokufa, akawasugua mdomoni na nyuma kwa kijiti cha pamba, akafunga visanduku na kuvipeleka kwenye helikopta. Hilo halikumkera mtu. Kilichowakera ni kwamba watu wa Nuuk, wakiwa na jambo la kuiambia Iterlak, walimwambia yeye. Wajawazito wapunguze nyama ya nyangumi, ina zebaki. Mayai ya jabali la magharibi yasiguswe mwaka huu, ndege wamepungua. Basi ikawa akiingia dukani mtu ananyanyua pakiti ya biskuti: "Mama Usile, hizi nazo vipi?" Watoto walijificha nyuma ya mapipa na kumwimbia. Na aliyecheka kuliko wote alikuwa mumewe, Avigiaq.

Alicheka hata asubuhi ile ya Novemba iliyopita. Ilikuwa giza tupu, kama Novemba zote, naye alikuwa anawafunga mbwa kwenye sleji ya kuburutwa juu ya barafu, pamoja na kaka yake Kaali. Tukummeq alisimama mlangoni akawaambia barafu ya ghuba haijashikana vizuri, ameiona, wasiende. Avigiaq akageuka na taa yake kichwani. "Kaali, umesikia? Mama Usile leo kawa Mama Usiende!" Wakacheka ndugu wawili mpaka Kaali akajishikilia kwenye sleji. Wakaenda. Barafu ikapasuka chini ya Avigiaq; Kaali, aliyekuwa nyuma na mbwa wake, alirudi peke yake. Maji hayakumrudisha Avigiaq, na makaburini pa Iterlak palisimama msalaba mweupe usio na mtu chini yake.

Kwa hiyo kilichobaki cha mkono wake kilikuwa kimoja tu. Julai, kabla ya hayo yote, Avigiaq alikaa kwenye mteremko wa chini na wavu wake wenye mpini mrefu, akawadaka ndege kama mtu anayechuma matunda. Kila aliyemdaka alimpa kwanza mkewe, Tukummeq akamsugua kwa kijiti chake, kisha Avigiaq akambana moyo kwa kidole gumba na kumtupa kwenye rundo. Siku nzima walifanya vile, wakitaniana. Halafu rundo lote likaingia ndani ya ngozi nzima ya sili, manyoya na yote, wakaikanyaga hewa itoke, wakaishona, wakaipaka mafuta ili nzi wasiisogelee, wakaifukia chini ya mawe iive, iwe kiviaq. Ilikuwa kubwa kuliko zote za mwaka ule. "Hii ni ya sherehe," Avigiaq alisema. Sherehe gani, hakusema, na wala hakuna aliyemwuliza.

Sherehe yenyewe ilikuja. Januari binti yao Benigne alijifungua mtoto wa kiume, na jina halikujadiliwa na mtu: Avigiaq. Tangu siku ile Kaali alikuwa akiingia asubuhi anasema, "Mdogo wangu umelalaje?" Benigne alimwita baba. Tukummeq alimwita mume wangu, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeagiza chai. Hakuna aliyeona ajabu; jina likirudi, mwenyewe amerudi. Na katika ukoo wa Avigiaq kulikuwa na desturi moja zaidi: mtoto, kabla hajabatizwa, hupakwa midomoni mafuta ya mawindo aliyoyaacha yeye mwenyewe alipoondoka mara ya kwanza, ajue amefika kwake. Tangu Januari watu walikuwa wanaisubiri ngozi ile kubwa.

Tukummeq akavaa koti, akaenda dukani, kwa sababu ukisema jambo dukani umeliambia Iterlak nzima.

Walikuwepo wachache, wamezunguka birika la kahawa, na Kaali katikati yao, mwili mkubwa, ndevu za kijivu. Aliposikia mlango akainua kikombe. "Mama Usile! Nimalize au niteme?"

"Maliza," Tukummeq alisema. "Nina habari mbaya."

Akawaeleza yote kuanzia mbweha hadi sampuli, akawaambia kiviaq zote za Julai iliyopita zisiliwe, na kwamba Jumatatu atapita na sleji azikusanye zichomwe. Alisema taratibu, kwa sababu nguvu ya kupaza sauti hakuwa nayo.

"Lakini tulikula Krismasi," mwanamke wa duka alisema. "Tulikula mpaka tukaramba vidole. Nani alikufa?"

"Hakuna."

"Basi?"

"Basi sijui. Mlikula mkawa na bahati, au mlikula isiyo na ugonjwa. Ile ya Avigiaq ninayoijua mimi, wagonjwa wamo. Nimewagusa kwa mkono wangu."

Kaali aliweka kikombe chini. "Hao mbweha ni nani aliyewapeleka Nuuk?"

"Mimi."

"Na vijiti vya pamba?"

"Mimi, Kaali. Ulinisaidia kubeba."

"Ungewaacha mbweha walale pale, leo tungekuwa hatujui lolote, na Jumapili tungekula ubatizo kwa amani. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, shemeji."

"Sijaomba pole," Tukummeq alisema. "Nimesema msile."

Wengine waliitikia kwa kichwa, bila furaha. Walimpenda, hata hivyo, na mafua ya ndege waliyasikia redioni. Lakini Kaali hakuitikia. Alivaa kofia akatoka, na mbwa wake wakasikika wakibweka njia nzima hadi kwake.

Asubuhi ya Jumamosi Tukummeq hakungoja Jumatatu. Ngozi ya Avigiaq alitaka kuiondoa kabla ya nyingine, akiwa peke yake, bila macho ya watu. Alichukua glavu zake za kazi na turubai, akatembea kando ya ufuo, jua likiwa tayari limepanda na theluji inaumiza macho. Mteremko ulikuwa kimya. Ndege walikuwa bado baharini. Wangerudi Mei, na safari hii hakuwa na hamu nao. Kila mwaka aliwangoja kama mtu anavyongoja wageni wa shangwe. Mwaka huu alijiona anatamani wasije, wafie huko huko asikokuona, asiwahesabu, asiwasugue, asiambiwe la kuwaambia watu. Alijionea aibu kwa kuwaza hivyo, lakini aliwaza.

Mawe yalikuwa yameondolewa.

Yalikuwa yamepangwa pembeni vizuri, kazi ya mtu asiye na haraka, na alama za sleji zilianzia hapo zikielekea kijijini. Tukummeq hakuhitaji kuulizia. Akaketi juu ya jiwe dakika chache. Kisha akakumbuka Benigne alivyomwuliza asubuhi, huku amempa mgongo, kama atachelewa kurudi. Akainuka akaanza kukimbia, mwanamke wa miaka hamsini na mitatu mwenye viatu vya manyoya, anateleza, anainuka, anatukana.

Banda la Kaali lilikuwa wazi. Harufu ilimpokea kabla hajafika, ile harufu kali kama ya jibini iliyokomaa, ambayo mate humjaa mtu wa Iterlak mdomoni apende asipende. Na yeye yalimjaa. Ndani ngozi ililala mezani, uzi wa mshono umekatwa kwa urefu wa kiganja. Nje, mlangoni, alisimama Benigne na mtoto mgongoni ndani ya kofia pana ya koti lake, uso wake mdogo umechungulia juu ya bega. Kaali alikuwa anatoka. Mkono mmoja ulishika kijindege kilichonyonyolewa nusu. Kidole kimoja cha mkono wa pili kiling'aa mafuta, naye alikuwa amekinyanyua, ananong'ona, "Mdogo wangu, karibu nyumbani, haya..."

Tukummeq hakupiga kelele. Alikidaka kile kidole. Alikikamata kwa kiganja kitupu, glavu zimo mfukoni, akakivuta chini kwa nguvu ambayo hakujua kama anayo, mpaka Kaali, na ukubwa wake wote, akapiga goti moja kwenye theluji.

"Benigne," alisema huku anahema, "rudi nyuma. Zaidi. Zaidi, nimesema."

Benigne alirudi nyuma, machozi yanamtoka. "Mama, tone moja tu. Ni baba. Hatuna kingine chake, mama. Hata kaburi hatuna."

"Najua."

"Hata daktari mwenyewe hajui!" Kaali alisema kutoka chini. "Si ulisema? Hajui! Haya ni mawindo yake, kayadaka yeye, na mwenyewe huyu hapa. Wewe ni nani wa kumnyima mtu mali yake? Kama ni Avigiaq kweli, basi mali ni yake, aamue yeye. Au husadiki kuwa ni yeye? Sema, shemeji. Sema mbele yake kwamba si yeye."

Hapo Kaali alikuwa amemshika pabaya. Tukummeq hangeweza kusema si yeye. Kwanza halisemwi, na pili hakuliamini. Alimwachia Kaali mkono. Akamtazama mtoto kule aliko, hatua kadhaa mbali, macho meusi yametulia, yanamtazama yeye tu.

"Sawa," alisema. "Ni yeye. Basi niacheni niongee na mume wangu."

Akapangusa kamasi kwa mkono wa koti.

"Avigiaq. Novemba nilisimama mlangoni nikakwambia barafu ni mbovu. Ukanicheka. Wewe na kakako mlinicheka mpaka mkashika mbavu, na mimi nikafunga mlango, kwa sababu nilikuwa nimechoka kuchekwa. Ile sijakusamehe. Nalala na hasira zako, naamka nazo, nakuogesha, nakubadilisha nepi, na hasira zipo. Sasa nisikilize. Ndege wako wanaumwa. Ulinishikia wewe mwenyewe, mmoja mmoja, unakumbuka. Najua ni mali yako, najua ulisema ni ya sherehe. Huli. Sitaki unijibu, sitaki utani. Safari hii utanisikia, kwa sababu nikikupoteza mara ya pili mimi sitaweza tena."

Mbwa mmoja alijikung'uta mnyororo. Mtoto alimtazama bibi yake kwa muda, kwa makini sana, kisha akafungua mdomo usio na jino na kupiga miayo mirefu, macho yakafumbika, kichwa kikaangukia bega la mama yake.

Kaali alitoa sauti ambayo ilianza kama kicheko. "Hata zamani," alisema. "Ukimgombeza alikuwa anafanya hivyo hivyo. Anapiga miayo halafu anafanya ulichomwambia." Kisha akalia, goti lake bado liko kwenye theluji, mtu mzima, na kile kijindege mkononi. Alilia kama hakuwa amelia Novemba, na kweli hakuwa amelia.

Alipomaliza alikirudisha kijindege ndani ya ngozi, kwa upole, kana kwamba anakilaza. Wakaifunga kwa turubai wao wawili, wakaiburuta hadi jalalani juu ya kijiji, wakaimwagia mafuta ya taa. Mafuta ya sili yanashika moto upesi. Harufu ikashuka mpaka majumbani, na watu wakatoka wakasimama milangoni wakitazama moshi, hakuna aliyetania. Tukummeq alisimama karibu mpaka uso ukamwuma. Alichoona tu ni manyoya yanayoruka na cheche, na jinsi kazi yote ile ya siku moja ya Julai ilivyoisha upesi.

"Kijindege umekishika kwa mkono mtupu," alimwambia Kaali walipokuwa wananawa kwa theluji na sabuni.

"Ulitaka nishike kwa miguu?"

"Na mimi nimekushika wewe." Alitazama kiganja chake. Alikuwa amelijua jambo hilo tangu kule bandani, ila alikuwa hajalipa nafasi. "Ivalu alisema atakayegusa akae mbali na mtoto mchanga. Siku kadhaa."

Kaali alisimama na sabuni mkononi. "Lakini kesho ni wewe unayempokea. Wewe ndiye wa kumshika mbele ya katekista."

"Nilikuwa mimi."

"Ahirisheni."

"Katekista anaondoka na helikopta kwenda mjini Qaanaaq, atarudi lini hajui. Na mikate nimeshaoka." Akacheka kidogo, bila nguvu. "Benigne atamshika mwenyewe."

Usiku ule alilala kwa Kaali, kwenye kochi, na mke wa Kaali, aliyekuwa kwa dada yake kijiji cha pili, alipigiwa simu asirudi. Tukummeq alimpigia Benigne, akamwelekeza mtoto alazwe wapi na avishwe nini, mpaka Benigne akasema, "Mama, lala." Hakulala.

Jumapili kengele ilipogonga, kijiji kizima kiliingia kanisani kwa viatu vyeupe na shanga. Tukummeq na Kaali walisimama nje, upande upepo unakokwenda ili pumzi zao zisiwafikie watu, karibu na dirisha. Alikuwa amevaa nguo zake zote za sikukuu. Kaali naye alikuwa amechana ndevu. Kioo kilikuwa na ukungu, ikabidi mtu atazame kwa pembeni. Tukummeq alimwona Benigne mbele, na kitu cheupe mikononi mwake, basi. Uso hakuuona.

"Umechoka, shemeji?" Kaali aliuliza.

"Nimechoka, Kaali."

"Keti basi."

"Nikiketi sioni."

Kaali akasogea, akampa bega la kuegemea, naye akaegemea. Ndani waliimba, wakanyamaza. Sauti ya katekista ilipita ukutani, nyembamba lakini inasikika: mtoto huyu anaitwa nani? Benigne akajibu, na kanisa zima likarudia jina lile kwa sauti ya chini, kama watu wanaomsalimu mtu aliyeingia.

"Na nani anayempokea?"

Vichwa vikageuka dirishani, kimoja kimoja, hata wale watoto waliokuwa wakimwimbia nyuma ya mapipa. Tukummeq akasogea mpaka pua ikagusa kioo.

"Mimi," alisema kwenye kioo. "Mimi, mkewe."

Ukuta ulikuwa mnene na upepo ulikuwa unavuma kuelekea baharini. Ndani hakuna aliyejibu, na katekista aliendelea kusubiri.

"Nimekusikia," Kaali alisema. Akamwacha ameegemea ukuta, akaenda kwenye mlango wa kanisa, akaufungua kidogo tu bila kuingia, akalipaza jina la Tukummeq ndani.